Oili ya giaboksi: umpelekee wakala au ulale chini ya gari mwenyewe? Kisa cha Hilux moja ya Njombe

Gari yenyewe ni Hilux dabo kebini ya 2010, injini 3.0 D-4D, gia tano za klachi, giaboksi yake ile R151F. Mwenye gari ni shemeji yangu, analima viazi na parachichi huko Njombe, kwa hiyo hii gari lami inaiona kwa kubahatisha, maisha yake ni matope, milima na makreti nyuma. Kilomita zimeshapita laki mbili.

Shida ilikuwa moja tu ila inakera. Asubuhi, hasa Juni na Julai ambapo Njombe unaamka unakuta sakitu kwenye majani, gia namba mbili inagoma. Unatoka na moja vizuri, ukitaka mbili mkono unakutana na ukuta, ukilazimisha inakwaruza. Ukiendesha kama robo saa giaboksi ikapata joto, tatizo linapotea kabisa, gia inaingia laini kama hakuna kilichotokea. Hiyo habari ya "ikipata moto inapona" naomba uishike maana ndiyo iliyoamua kila kitu huko mbele.

Shemeji akampigia wakala wa Toyota, akatumiwa makadirio kwa WhatsApp: 265,000 kabla ya VAT, ukiweka asilimia 18 inafika 312,700. Hapo ni oili ya giaboksi tu, tranzifa (boksi ya nyuma yake inayogawa nguvu mbele na nyuma) na difu bei yake nyingine. Na wakala hayupo Njombe, ni safari ya siku nzima kwenda na kurudi, mafuta juu yako, na siku hiyo shambani hakuna gari.

Akaniuliza, "Shem, we unaonaje, niende tu?" Hela haikunishtua sana. Kilichonishtua ni ule mstari kwenye makadirio, umeandikwa "oili ya gia lita 3" basi. Haisemi unene, haisemi daraja. Nikamwambia muulize kwanza wanaweka oili gani. Akauliza kwa adabu zake zote, akajibiwa, "Ni oili ya gia hiyo hiyo mkuu, 90, tunayoweka kwenye difu, iko kwenye pipa." Tukafungua kitabu cha huduma cha gari, tukakuta huko nyuma kabla shemeji hajainunua ilishawahi kufanyiwa hiyo huduma kwa wakala, mhuri upo, tarehe ipo, jina la oili hakuna.

Sasa hapa ndipo kisa chenyewe kilipo, na watu wengi wanapapita haraka wakikimbilia kulinganisha bei.

Oili ya difu na oili ya giaboksi zinatoka kwenye duka moja, zinanuka kiberiti zote mbili, na fundi wengi wanaziita jina moja. Lakini kazi zake zinapingana. Kwenye difu meno ya krauni na pinioni yanasuguana kwa kuteleza chini ya mzigo mkubwa sana, kwa hiyo unataka oili yenye dawa kali ya kuzuia chuma kisigusane na chuma, hiyo ndiyo oili ya daraja la GL-5. Kwenye giaboksi ya klachi kuna ringi za sinkronaiza, nyingi ni za shaba nyeupe au njano, na kazi ya ile ringi ni KUSUGUA. Ukisukuma gia, ringi inabana kwenye koni ya gia, inaikata ile tabaka nyembamba ya oili, inashika, inalazimisha gia na shafti zizunguke kwa kasi moja, ndipo meno yanaingia bila kelele. Ile mifereji midogo midogo ndani ya ringi ipo kwa ajili hiyo, kuifukuza oili ipishe njia. Oili ikiwa nzito mno ringi inaogelea badala ya kushika. Oili ikiwa na dawa nyingi ya utelezi, ringi inashika kwa kuchelewa. Matokeo yote mawili wewe dereva unayasikia mkononi kama gia ngumu au krrr.

Na namba mbili ndiyo inayoteseka kwanza kwa sababu tofauti ya kasi kati ya moja na mbili ni kubwa kuliko kati ya nne na tano, ringi ya mbili inafanya kazi nzito kuliko wenzake wote wa juu.

GL-4, daraja la chini yake, ina dawa kali karibu nusu ya GL-5, ndiyo maana inapendwa kwenye giaboksi. Pia dawa za GL-5, hasa zile za zamani zenye salfa kali, zina sifa ya kushambulia vyuma vya njano taratibu joto likipanda. Ila nisimtishe mtu, Toyota kwenye giaboksi hizi za R kitabu kinakubali GL-4 au GL-5, alimradi unene uwe 75W-90. Kwa hiyo wakala angeweza kujitetea kwamba GL-5 yake inaruhusiwa, na angekuwa sahihi. Kosa liko kwenye unene.

90 tupu na 75W-90, zikishapata moto wa nyuzi 100, zinakuwa unene wa aina moja, ndiyo maana zote zinabeba ile 90. Tofauti iko kwenye baridi. Ile 75W imepimwa ibaki inatiririka kwenye baridi kali kuliko yoyote utakayoikuta Tanzania, hata juu Kitulo. 90 tupu haina ahadi hiyo, asubuhi ya nyuzi tatu nne inakuwa kama asali. Sasa rudi kwenye dalili: asubuhi inagoma, ikipata moto inapona. Sinkronaiza iliyokwisha kwa kawaida haiponi kabisa kwa moto, inakwaruza asubuhi inakwaruza mchana. Kinachobadilika kati ya saa 12 na saa 1 asubuhi ni unene wa oili hasa. Mi nilivyosikia neno "90 ya pipa" nikaona kabisa kwamba tunakaribia kulipa laki tatu na safari juu kununua tatizo lile lile jipya.

Lakini kabla ya kugusa oili kuna klachi, hii usiiruke, maana klachi isiyoachia vizuri inaleta gia ngumu na watu wanamwaga oili bure. Kipimo ni rahisi: gari imezimwa, ingiza gia zote, ziingie laini. Washa, kanyaga klachi mpaka chini, hesabu sekunde kama tano taratibu, weka rivasi. Ikikwaruza, klachi inaburuza, shughulika na klachi. Hii ya shemeji rivasi iliingia kimya. Sawa, turudi kwenye oili.

Tukaamua tunafanya wenyewe nyumbani kwake. Hesabu: oili 75W-90 GL-4 lita tatu kwa 38,000 ni 114,000, wosha mbili mpya 8,000, pampu ya mkono 30,000. Jumla 152,000, na pampu inabaki ya kwake. Giaboksi inakula zaidi kidogo ya lita mbili, sehemu kubwa ya ile ya tatu inabaki akiba. Ila mahali pa kununua oili ndipo pa kuwa makini kuliko hata kazi yenyewe, oili feki zimejaa na chupa zinafanana mpaka kifuniko. Shemeji alimwagiza kijana wake aliyekuwa anakwenda mjini, akainunua kaunta ya vipuri ya wakala. Ndiyo, wakala yule yule. Kaunta wanauza oili iliyofungwa yenye maandishi yote unayoyahitaji, gereji nyuma wanachota kwenye pipa. Hii njia ya kati naipenda sana, unachukua kwa wakala kile ambacho wakala anakifanya vizuri, oili halisi yenye risiti, halafu kazi ya spana unaifanya wewe.

Kazi yenyewe sasa.

Hilux iko juu, mtu mzima anaingia chini matairi yakiwa ardhini, na hivyo ndivyo inavyotakiwa, kwa sababu kipimo cha oili ni ukingo wa tundu la juu, gari ikiinama mbele au nyuma umedanganywa. Ukitaka kuinyanyua, nyanyua pande zote nne juu ya stendi ibaki usawa, na usiingie chini ya gari iliyoshikwa na jeki peke yake hata kwa dakika moja, watu wamekufa kwa hiyo dakika. Tuliizungusha kwanza barabarani oili ipate uvuguvugu, ikimwagika vuguvugu inatoka na uchafu wake, ikiwa baridi uchafu unabaki umelala chini. Vuguvugu lakini, sio ya kuunguza, na eksozi iko pale pale karibu na mkono wako.

Chini utaona nati nyingi za 24 zinafanana, na hapa watu wanapotea. Giaboksi ina nati yake ya juu ubavuni na ya chini, na nyuma yake tranzifa nayo ina ya juu na ya chini. Fuata boksi kutoka kwenye injini, kengele ya klachi, halafu giaboksi, halafu tranzifa ndiyo yenye propela mbili, moja inaenda mbele. Weka alama ya chaki kabla hujashika spana.

Na anza na nati ya JUU. Hii ningeandika kwa rangi nyekundu kama ningeweza. Ukimwaga oili kwanza halafu ukakuta nati ya kujazia imeshikana haitoki, una gari isiyo na oili, isiyoweza kwenda hata gereji. Nati ya juu ya hii gari ilikuwa imeshikwa haswa, kutu na matope ya miaka. Tulisafisha kwa brashi ya waya, tukapuliza dawa ya kutu, tukasubiri, tukaweka soketi ya pembe sita, sio ile ya pembe kumi na mbili inayoteleza na kula kona, na bomba la kurefusha. Ikalia "tak" ikaachia. Boksi ni alumini, nati ni chuma, ndiyo maana haraka haifai hapo, ukiharibu nyuzi za alumini ule unafuu wote wa bei umeisha.

Ya chini ikafunguka bila ugomvi, oili ikaanza kutoka kwenye beseni. Niseme nilichokiona kwa sababu hiki ndicho ambacho kwa wakala usingekiona, ungekaa kwenye kochi na chai yao. Oili ilikuwa nyeusi, nzito, inatoka kama kamba nene isiyotaka kukatika, na harufu ya kiberiti imejaa mpaka nje ya uzio. Nati ya chini ina sumaku. Juu ya sumaku kulikuwa na uji wa kijivu laini, ukiusugua kati ya vidole husikii punje, huo ni uchakavu wa kawaida wa chuma, boksi ya kilomita laki mbili lazima iwe nao. Tulichokuwa tunaogopa ni vipande, punje unazozisikia kwa kidole au kipande chenye umbo la jino. Havikuwepo. Ila tulivyomwaga oili taratibu kwenye sinia jeupe juani, kulikuwa na vumbi la dhahabu linaelea, linametameta. Hiyo sumaku haiishiki kwa sababu ni shaba, ni ringi zenyewe zinasagika. Kidogo, lakini ipo. Basi shemeji akaelewa pale pale kwamba oili mpya itasaidia ila haitarudisha shaba iliyokwisha kwenda.

Kingine cha kuangalia ni rangi ya maziwa. Oili ikiwa kama chai ya maziwa, maji yameingia, na kwa magari ya kuvuka mito inatokea sana: boksi ya moto ikizama ghafla kwenye maji baridi, hewa ndani inasinyaa na kuvuta maji kupitia bomba la kupumulia au sili. Hii haikuwa nayo, ila tulilikagua lile bomba la kupumulia na kulisafisha, lilikuwa limejaa udongo.

Tukaacha oili idondoke mpaka ikawa tone moja moja. Wosha mpya, nati ya chini ikafungwa kwa kipimo, kama Nm 37, ambayo kwa mkono ni kubana na kuongeza kidogo, sio kuning'inia. Pampu ikaanza kazi, inachosha mkono lakini haina fujo, mpaka oili ikaanza kuchuruzika yenyewe kutoka tundu la juu. Ukiingiza kidole kikunjwe uikute kwenye ukingo. Ikiacha kuchuruzika, wosha mpya, funga. Usijaze kupita hapo ukidhani unaiheshimu boksi, ikizidi inachafuka povu, inapata joto, inatafuta sili ya kutokea.

Matokeo. Asubuhi ya kwanza bado gia mbili ilikuwa na ukaidi kidogo, ila mkono uliingia bila krrr. Wiki iliyofuata ikawa nzuri, shemeji akanipigia kunisimulia kwa furaha kabisa. Kilichobaki ni ukishuka kutoka tatu kwenda mbili kwa haraka, mlimani ukiwa na mzigo, unasikia mkwaruzo mdogo. Hiyo ndiyo ile shaba iliyokuwa inaelea kwenye sinia. Itabidi siku moja boksi ifunguliwe, na ushauri niliompa ni kushuka gia kwa kupunguza mwendo kwanza na kuweka akiba ya hela ya ringi, sio kuhamia kwenye oili nzito zaidi kama alivyoshauriwa na mtu wa stendi kwamba aweke 140 "izibe kelele". 140 asubuhi ya Njombe ni kurudi tulikotoka na zaidi.

Sasa, je hii ina maana wakala hana kazi? Hapana, na sitaki mtu asome nusu. Gari ikiwa mpya iko kwenye warantii, mpeleke wakala, lipa, chukua risiti, maana boksi ikifa kabla warantii haijaisha mzozo wa kwanza utakuwa ni nani aliigusa. Ukipanga kuuza karibuni, mihuri inaongeza bei. Nati ikiwa imeliwa kona au nyuzi zimeharibika, wao wana lifti na vifaa. Nenda tu na swali lako: oili gani, daraja gani, unene gani, na liandikwe kwenye ankara. Omba na nati ya chini uonyeshwe kabla haijafutwa. Wakala mzuri hatanuna kwa hilo. Anayenuna amekujibu.

Na fundi wa mtaani? Kwa asiyetaka kulala chini, fundi unayemwamini, oili umenunua wewe, umesimama pembeni unaangalia, ni sawa kabisa na tulichofanya, unaongeza hela ya mkono tu. Ubaya ni ukimwachia fundi achague oili, utapewa iliyopo.

Na usichukue namba za hii Hilux ukazipeleka kwenye gari yako. Subaru ya klachi giaboksi na difu ya mbele zinakunywa oili moja, ndiyo maana yenyewe inataka GL-5, ukiweka GL-4 difu inalia. Land Rover za zamani zenye boksi ya LT77 zinatumia oili ya otomatiki, ukiweka 90 humo gia hazishikiki asubuhi. Kuna Isuzu za kazi ambazo giaboksi yake inatumia oili ya injini. Honda ana yake mwenyewe. Fungua kitabu cha gari yako, ukurasa wa vipimo, soma mistari miwili, hiyo ndiyo kazi kubwa, spana ni baadaye. Muda wa kubadilisha pia kitabu kinasema, kwa gari nyingi ni kati ya kilomita 40,000 na 80,000, na kwa gari ya mzigo na vumbi kama hii chukua ile ndogo.

Oili chafu tuliikinga yote kwenye dumu. Jirani aliiomba apake nguzo za uzio, mchwa hawaigusi, na kwa Njombe ya mbao hilo ni jambo la kawaida, lakini shemeji ana kisima mita chache kutoka kwenye uzio huo na lita moja ya oili ikifika majini inaharibu maji mengi sana, kwa hiyo dumu likaenda gereji wanakokusanya kwa ajili ya wanaonunua oili chafu.

Bado tranzifa na difu mbili. Tranzifa itaanza na ile akiba iliyobaki, inakubali hiyo hiyo 75W-90, ikipungua tutaongeza ya aina hiyo. Difu ndiyo tutazitafutia GL-5 yake, na safari hii ile 90 itakuwa imefika nyumbani kwake.